Altaneta ya Shangazi

Neema, mkuu wa umeme wa sasa, ameniomba niandike. Anasema karakana imepata mafundi wapya wa umeme, wote wepesi wa kutafuta majibu kwenye simu, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona dainamo, ile mashine ya kizamani ya kuchaji betri, kwa macho yake. Anataka niwaeleze namna ya kuchagua na kufunga altaneta kwenye trekta la zamani. Nimekubali, ila nawaonya mapema. Kila nikishika kalamu kuandika habari za altaneta, anayenijia ni Fundi Atanasi, tuliyemzika kule Namawala kabla mvua za mwaka huu hazijaanza. Kwa hiyo nitaandika habari za wote wawili. Mwenye haraka na waya tu aruke aya anazotaka, mimi sitajua.

Niliingia karakana ya ushirika hapa Ifakara nikiwa na cheti cha ufundi, ovaroli mpya iliyonibana kwapani, na maneno mengi. Fundi Atanasi ndiye aliyekuwa mkuu wa umeme, na idara nzima ilikuwa yeye, benchi lake na redio isiyokuwa na kifuniko. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea karai lililojaa vipande vya waya vya kila namna. Akaniambia nifumbe macho nivipange kwa unene. Nilifanya kazi hiyo hadi saa ya chakula, nikiamini kwamba nimedharauliwa. Baada ya kula alivichanganya vyote tena kwenye karai, akanisukumia.

"Sasa panga na mkono wa kushoto," akasema.

Vipimo vyake vilikuwa taa moja ndogo aliyoifunga ndani ya kifuniko cha chupa, ikiwa na waya mbili, pamoja na pua yake. Dainamo ikiletwa benchini alikuwa anainusa kwanza. Iliyoungua, alisema, ina harufu ya karanga zilizosahaulika kwenye kikaango, na iliyochoka tu hainuki kitu. Nilimcheka moyoni kwa miezi kadhaa, halafu siku moja nikajikuta nami nimeinama nanusa. Sina mita iliyowahi kunidanganya mara chache kama pua ya mzee yule.

Trekta la habari hii wakulima walikuwa wanaliita Shangazi, kwa sababu lilikuja shambani kwako siku liliyotaka lenyewe na likifika lilitaka kuhudumiwa. Lilikuwa kuukuu hata wakati ule. Lilikuwa la umeme wa kizamani, ambapo upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume na magari yote mnayoyaona leo. Dainamo yake ilikuwa imesukwa upya na Fundi Atanasi mara nyingi kiasi kwamba sidhani kama ilibaki na uzi hata mmoja wa kiwandani. Mwaka mmoja, wakati wa kulima ukikaribia, ilikataa kabisa. Aliinusa, akaiweka chini.

"Huyu tumwache apumzike," akasema.

Bila dainamo betri haichaji, na bila betri stata haizungushi injini. Mahali penye vilima mtu angeegesha trekta mlimani na asubuhi akaliachia literemke mpaka liwake. Ninyi mnalijua bonde letu. Ukitoka Ifakara ukaingia mbugani, kitu pekee kilichoinuka ni kichuguu. Basi dereva wetu Kasiani, mtu mpole aliyependa kuvaa kofia mbili kwa pamoja, alichagua kichuguu kikubwa pembeni mwa mashamba, akakisawazisha mgongo kwa jembe, na kila jioni akawa anampandisha Shangazi juu yake kwa kurudi nyuma. Asubuhi anaachia breki, trekta linateremka, linakohoa, linawaka. Wakulima walikiita kile kichuguu Stata. Watu walielekezana njia kwa kukitaja: ukifika Stata, kata kushoto.

Kasheshe ilikuwa pale Shangazi alipozimika katikati ya shamba. Hapo hapakuwa na kichuguu, na trekta lililozama kidogo kwenye udongo wa mfinyanzi halisukumwi na watu. Kwa hiyo Kasiani hakuzima injini kutwa nzima. Alikula inaunguruma, alisali inaunguruma, na mtu akitaka kumsalimia alipaswa kupiga kelele. Mvua zilikuwa zinakaribia. Maji yakishapanda mbugani trekta haliingii tena, na asiyelimiwa atalima kwa jembe la mkono, eneo dogo kadiri mgongo wake unavyoruhusu. Ushirika ukaamua tutafute altaneta.

Sasa inabidi nirudi nyuma kidogo, kwenye jambo ninalolijutia.

Mwaka uliotangulia ilikuja nafasi moja ya kozi Morogoro mjini, wiki mbili, juu ya umeme mpya wa magari na mitambo. Nafasi ile ilikuwa ya Fundi Atanasi. Alikwenda ofisini akaomba iandikwe kwa jina langu.

"Nenda wewe, Leonsi," aliniambia. "Mimi magoti yangu hayaingii chini ya dawati. Ukirudi utanifundisha."

Nilikwenda, nikaandika daftari zima, jalada la bluu, kwa mwandiko mzuri ambao sikuwahi kuwa nao tena. Tuliambiwa mengi juu ya altaneta, na mojawapo mwalimu alilisema akiwa amesimama juu ya kiti ili tusisahau: injini ikiwa inaunguruma, usivue waya wa betri. Betri ndiyo inayoituliza altaneta. Ukiitoa ghafla, umeme unapanda bila wa kuuzuia, na diodi zilizo ndani yake zinaungua. Nilipokuwa nayaandika maneno yale nilimfikiria Fundi Atanasi. Kuvua waya wa betri ndiko kulikokuwa kumempa jina bonde zima. Akishamaliza kutengeneza dainamo aliwasha taa kubwa za mbele, akavua klempu, kile kibano cha waya kwenye betri, kwa vidole viwili, akaishika hewani, na taa zikaendelea kuwaka kwa nguvu ya dainamo peke yake. Watu walikuwa wanapiga makofi. Nimemwona mwanamke mmoja akifika karakana kutoka Mang'ula, hana gari wala trekta, amekuja tu kuangalia.

Niliporudi alikuwa amekaa benchini ananingoja. Alikuwa amefuta ubao mdogo tuliokuwa tunaandikia kazi za siku, ameweka na chaki.

"Enhe," akasema. "Wamesemaje?"

Nikaona aibu. Ningeanzaje kumwambia mtu aliyenifundisha kushika koleo kwamba ule mchezo wake watu wa Morogoro wanaukataza? Nilijiambia hiyo ni heshima.

"Mambo ya kawaida tu, Mzee," nikasema. "Mengi unayajua."

Aliitazama chaki, akairudisha kwenye kopo.

Haya, twende kwenye altaneta, Neema asije akanuna. Ya kwanza kuangalia ni volti, na hapo hakuna mjadala: trekta la kumi na mbili linapewa ya kumi na mbili, hata kama ya ishirini na nne ndiyo iliyopo dukani na muuzaji anaapa kwa mama yake. Ya pili ni masikio yake ya kufungia, kwamba nafasi kati yake inaingia kwenye braketi ya zamani. Isipoingia utalazimika kuchonga braketi nyingine, na usiponyoosha sawasawa mkanda utakuwa unaruka kila siku. Ya tatu ni puli, iwe na mfereji wa upana ule ule wa mkanda, na mifereji mitatu, ya altaneta, ya feni na ya injini, isimame sawa ukiichungulia kwa jicho moja. Usihangaike kutafuta kubwa. Trekta la kulima lina taa, stata na honi. Altaneta ndogo yenye regeleta, yaani kidhibiti cha umeme, ndani yake inatosha na haimchoshi mtu kuifunga. Ile tuliyompatia Shangazi tuliitoa kwenye gari dogo lililopata ajali, nikaifungua na kuisafisha mwenyewe.

Tulikwenda nayo mbugani, mimi na Fundi Atanasi, maana Shangazi hakuweza kuletwa mjini bila kupoteza siku mbili za kulima. Tulimkuta juu ya Stata, pua ikiangalia chini, na wakulima wamekaa kwenye kivuli chake. Mmoja wao alikuwa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, ambaye alikuja kwa sababu shamba lake lilikuwa la kwanza kwenye zamu, na pia kwa sababu alipenda kutucheka.

"Ng'ombe wangu hawana betri," alisema nilipokuwa nafungua mfuko. Halafu akaiona altaneta. "Hicho ndicho? Cha zamani kilikuwa kama paja la ndama. Hicho mbona kama kobe?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikaendelea na kazi. Nilifungua betri kwanza, kama inavyotakiwa. Nikaitoa ile kataut ya zamani, kile kisanduku kilichokuwa kinaitawala dainamo, kwa sababu altaneta inajitawala yenyewe. Nikageuza betri: hasi ikaenda kwenye bodi, chanya ikaenda kwenye stata. Waya za saa ya ampia nazo nikazigeuza, la sivyo ingesema betri inaliwa wakati inachaji. Waya mkubwa wa altaneta nilivuta mpya na mnene, usio na kiungo, kwa sababu ule wa dainamo ungepata moto. Waya mwembamba ukapita kwenye swichi na kwenye kitaa chekundu cha chaji. Msikidharau kitaa hicho. Ndicho kinachoiamsha altaneta. Kikiungua, altaneta nzima ya bei mbaya itakaa bure na mtu ataitupa. Kila waya nilionyoosha mkono kuuomba, Fundi Atanasi alinipa bila kuuliza upi. Alikuwa anaujua kwa unene.

Kasiani akaachia breki. Shangazi akateremka Stata, akakohoa, akawaka. Kitaa chekundu kikazimika, maana yake inachaji. Nilitaka kuruka.

"Mmh," akasema Mzee Masanja. "Kitaa kimezimika. Si ndiyo kimekufa?"

Wakacheka tena. Nikamwona Fundi Atanasi akinitazama. Uso wake ulikuwa umejaa fahari, na fahari hiyo ilikuwa juu yangu. Akawageukia wakulima.

"Njooni karibu," akasema. "Niwaonyeshe kazi ya huyu kijana."

Akawasha taa kubwa. Akapanda kwenye ngazi, mkono wake ukaenda kwenye betri.

Nilikuwa umbali wa hatua mbili. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Mzee, usivue. Lakini watu walikuwa wamesimama duara, na yeye alikuwa mwalimu wangu, na nilikuwa sijawahi kumkosoa hata tukiwa wawili. Nikafikiri labda kwa mara hii haitaungua. Mpaka leo nikilala nauona ule mkono unakwenda, na mimi nimesimama.

Alivua klempu. Taa zikawaka nyeupe kuliko nilivyowahi kuziona taa za trekta lolote, kisha zikakatika zote mbili. Ikaja ile harufu ya karanga.

Hakuna aliyecheka, hata Masanja.

"Nimekosea mimi," nikasema. "Nimechanganya waya."

Fundi Atanasi bado alikuwa ameshika klempu. "Umechanganya upi?"

"Ule mwembamba."

Aliishusha klempu polepole, akashuka. "Haya," akasema.

Kesho yake aliifungua ile altaneta peke yake benchini. Nilimwona akitoa sahani ya diodi, akiigeuza juani, akiitia mfukoni mwa shati. Hakuniambia kitu nami sikumuuliza. Altaneta nyingine haikupatikana upesi. Mvua ziliwahi, Shangazi alizimika akiwa mbali na Stata, na akakaa pale maji yakimzunguka mpaka kiangazi. Mzee Masanja alilima kwa ng'ombe wake na kuwakopesha majirani wawili. Waliobaki walilima kwa mkono, na mwaka ule palikuwa na nyumba nyingi zilizonunua mchele.

Msimu ulipokwisha Fundi Atanasi aliomba kupumzika, akarudi kwao Namawala kulima mpunga. Miaka yake ya kustaafu ilikuwa haijatimia. Aliniachia benchi, pua iliyojifunza kunusa na ile taa ya kifuniko cha chupa. Siku anaondoka alinipa mkono kama mtu anavyompa karani.

Namawala si mbali. Ningeweza kwenda kwa baiskeli na kurudi siku hiyo hiyo. Sikwenda. Mwaka wa kwanza nilisema nitakwenda msimu ukiisha, na misimu ikawa inaisha. Nilisikia habari zake kwa watu: kwamba anawatengenezea majirani redio, kwamba macho yamepungua. Nikifunga altaneta nikafanikiwa, nilikuwa nageuka kumwonyesha. Mafundi waliokuja baadaye walidhani nina maumivu ya shingo.

Nairuka sasa miaka mingi, yenye altaneta nyingi ambazo hazikuungua, mpaka wiki yangu ya mwisho kazini. Shangazi, msicheke, bado yupo, mnamjua. Aliletwa kubadilishiwa betri, na uani kulikuwa na wateja wamejaa. Macho yangu yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu na betri ile ilikuwa na tope, sikuiona alama. Mkono ukafanya ulichofundishwa ujanani: ukachukua waya wa bodi ukaupeleka kwenye chanya.

Nikasikia kifundo cha mkono kimekamatwa.

"Mzee, acha! Unaunguza diodi!"

Alikuwa Neema, aliyekuja kuwa mkuu wa umeme baada yangu, asubuhi ile ndiyo kwanza anaingia kazini, mkoba bado begani. Aliona watu wote wanamtazama, akaona amemkamata nani, akakumbuka pia kwamba hatujasalimiana.

"Shikamoo," akasema, bila kuniachia.

"Marahaba."

Niliona aibu kwa muda wa kuweka spana chini. Baada ya hapo nilisikia kitu kingine, na nikaenda nyuma ya stoo nikalia. Neema alidhani nimekasirika. Alikuwa na umri wangu wa siku ile ya Stata, na alikuwa amefanya jambo ambalo lilinishinda nikiwa umbali wa hatua mbili tu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda bodaboda hadi Namawala. Nilimkuta amekaa barazani, mwembamba, macho yameelekea shambani lakini hayaoni shamba. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa.

"Leonsi," akasema. "Umenenepa."

"Umejuaje, Mzee?"

"Kiti kimelalamika."

Alinyoosha mkono ndani ya dirisha, akapapasa, akatoa ile sahani ya diodi, akaniwekea kiganjani. Alikuwa ameitunza muda wote huo.

"Waya zote nilikupa kwa mkono wangu," akasema. "Hukuchanganya hata mmoja. Kwa nini hukunizuia?"

"Nilikuheshimu, Mzee."

"Ulinihurumia. Nilikutuma Morogoro uniletee maneno. Ukarudi nayo, ukakaa nayo. Mimi nikajua kwamba umeshaniona nimekwisha, nikaondoka."

Nilimwomba msamaha. Aliniacha nimalize.

"Daftari unalo?" akauliza.

Nilikuwa nalo mfukoni, lile la bluu. Nilikuwa nimelichukua bila kujua nitalifanyia nini.

"Basi anza. Siku ya kwanza walisemaje?"

Nilikwenda Jumamosi sita mfululizo. Safari ya pili nilibeba altaneta kwenye kiroba, nikamwekea magotini, akawa anaifungua na kuifunga kwa vidole wakati ninasoma. Aliniuliza maswali ambayo hata mwalimu wa Morogoro asingeyaweza. Alitaka kujua kwa nini diodi inapitisha umeme upande mmoja tu, na nilipokwama alisema ndiyo maana wanafunzi wavivu hawatumwi kozi. Wiki nzima nilikuwa nangoja Jumamosi. Ningetoa lolote nipate nyingine.

Jumamosi ya sita tulifika kwenye ukurasa ule wa kutovua waya wa betri. Niliutambua kwa mbali, kwa ule mwandiko, kwa mstari mwekundu niliopiga chini ya maneno mara mbili. Nikaanza kusoma habari za kupima chaji. Nilipoinua macho, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaondoka kwenye altaneta. Ulikuwa hewani mbele yake, vidole viwili vimekutana, vinazungusha klempu ambayo haikuwepo, kama alivyokuwa akifanya watu wakisubiri kupiga makofi.

Niliweka daftari chini. Nikamshika kifundo cha mkono.

"Mzee, usivue," nikasema. "Injini inaunguruma."

Mkono wake ukatulia ndani ya wangu.

"Haya," akasema. "Sivui."